Sawa Lakini Si Sawa: Maisha ya Mwalimu Dorkasi Songoro, 1926–1971

Marehemu Dorkasi Songoro, ambaye leo Ijumaa, tarehe 12 Novemba 1971, tumemleta Mbweni alikozaliwa, alikuja duniani tarehe 14 Septemba 1926. Baba yake alikuwa Songoro Mabruki, mwashi, na mama yake Tekla binti Almasi, msusi wa mikeka. Baba alipompeleka kanisani kubatizwa alitaka aitwe Tabita. Padri akaandika Dorkasi, na baba alipouliza akaambiwa kwamba ni mwanamke mmoja yule yule, ana majina mawili. Mzee Songoro alirudi nyumbani akilifikiria jambo hilo, na mpaka anaingia kaburini mwaka 1949 hakulielewa. Yeye alimwita Tabita, mama akamwita Dorkasi, na mtoto aliitika “Naam” kwa yote mawili. Majirani wapya walidhani nyumba ile ina wasichana wawili, na mmoja wao hatoki nje.

Alianza kusoma mwaka 1934 katika skuli ndogo ya misheni hapa hapa Mbweni, na mwaka 1939 akapelekwa skuli ya bweni ya wasichana mjini. Alikuwa mzuri wa mkono kuliko wa kitabu. Kushona, kudarizi, kutia kiraka kisichoonekana, hayo hakuna aliyemshinda. Kiingereza alikipata kwa masista waliomfundisha ushoni, kwa hivyo alijua majina ya sindano zote, mishono yote na rangi zote, akajua kusali, akajua kuomba ruhusa ya kutoka nje. Zaidi ya hapo alikuwa akikisia. Alimaliza masomo mwaka 1943, akasomea ualimu, na Januari 1946 akaanza kufundisha ushoni katika skuli moja ya msingi mjini.

Tarehe 24 Juni 1950 alifunga ndoa na Ndugu Kipriano Feruzi, seremala wa Kikwajuni. Walijuana kwa sababu ya meza za darasa la ushoni. Ndugu Kipriano aliitwa kuzitengeneza, na walimu wenzake marehemu walikuwa wakisema kwamba kuna meza moja pale ilitengenezwa mara nyingi kuliko ilivyovunjika. Walijaliwa watoto watatu: Petronila, Andrea, na Tekla, ambaye Mungu alimchukua mwaka 1958 akiwa bado ananyonya.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, skuli zilichukuliwa na Serikali na milango ikafunguliwa kwa watoto wote. Watoto waliongezeka, walimu wakapungua, na waliokuwa wakifundisha Kiingereza wengi wao waliondoka kisiwani. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai mwalimu mkuu, Maalim Hasan Mcha, alimwita marehemu ofisini kwake.

“Bi Dorkasi, wewe unajua Kiingereza?”

“Nnajua cha sindano na uzi, Maalim.”

“Kinatosha. Kesho utaingia darasa la tatu.”

Alitoka mle ofisini hajui kama ameheshimiwa au ametwishwa mzigo uliokosa mchukuzi. Mukhtasari wa somo ulisema watoto wafundishwe maneno ya Kiingereza yenye maana moja, na jozi ya kwanza ilikuwa “big” na “large”. Yote mawili maana yake ni kubwa. Hilo ndilo lililomtatiza. Akiwa mtoto alikuwa ameyajua yote mawili bila ya kujiuliza, kama mtu anavyojua njia ya kisimani. Sasa alitakiwa asimame mbele ya watoto aseme kwa nini njia ni mbili na kisima ni kimoja.

Alimuuliza mumewe, aliyekuwa uani anapiga randa. “Kwa nini watu wawe na maneno mawili ya ukubwa?”

“Labda moja la siku za kazi,” alisema Ndugu Kipriano, “na jingine la Jumapili.”

Lilikuwa jibu zuri lakini hakuliamini. Akaenda kwa padri mzee mgeni, aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo. Padri alifumba macho, akayatamka maneno yale polepole, hili kisha lile, akasema, “Ni sawa, lakini si sawa.” Marehemu akamuuliza tofauti iko wapi. Padri akamwambia kwamba yeye anajua wakati wa kutumia hili na wakati wa kutumia lile, ila hajui amejuaje. Marehemu alimshukuru, akarudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda.

Hivyo ndivyo alivyoingia darasani. Aliandika maneno yale mawili ubaoni, akaeleza kwamba maana yake ni moja, na mtoto wa mbele akanyoosha mkono. Alikuwa Mashavu Jaku, ambaye sasa ni msichana mkubwa na amefika hapa leo.

“Bi, kama yote ni moja, si tujifunze moja tu, jingine tuwaachie wenyewe?”

Darasa lote likacheka. Marehemu alisimama na chaki mkononi. Baadaye alimwambia mdogo wake, Agnesta, aliyeandika wasifu huu, kwamba alitamani kumkaripia mtoto yule, lakini suala lake ndilo lile lile alilotoka nalo kwa padri, na angekuwa anajikaripia mwenyewe.

“Sijui, mwanangu,” alimjibu. “Nami nnatafuta. Tutatafuta pamoja.”

Siku ya pili alikuja na kikapu. Akatoa dafu, akatoa koroma, akatoa nazi kavu, akavipanga mezani. Watoto wakataja majina yote bila ya kusita.

“Mwingereza,” akasema, “vyote hivi anaviita jina moja.”

“Hata koroma?” aliuliza mmoja.

“Hata koroma.”

“Sasa akitaka dafu akaletewa nazi, atakunywa nini?”

Marehemu akawaeleza kwamba watu huongeza maneno pale wanapotazama sana. Sisi tumeutazama mnazi siku zote, ndiyo maana tuna majina ya kila umri wa tunda lake. Wao nao wana “small”, “little” na “tiny”, maneno matatu ya kitu kidogo. Watoto waliyarudia kwa sauti, na tangu siku ile hayakuwatoka tena. Lakini Mashavu alikuwa hajamaliza.

“Wao wametazama nini, Bi, mpaka wakataka maneno matatu ya udogo?”

Kengele ililia kabla hajapata la kusema. Nyumbani alikuwa akisema kwamba mtoto yule ndiye aliyemfanya awe mwalimu, kwa kumnyima kila siku raha ya kudhani kwamba anajua.

Alipoona maneno hayaingii kwa ubao, akayapitisha mikononi. Alikata mabaki ya vitambaa vipande vipande, na kila kipande akakidarizi neno moja. Mwanzo maneno yenye maana moja aliyaweka kwenye vitambaa vya rangi moja. Watoto walipoanza kutafuta rangi badala ya neno, akazichanganya rangi. Kila mtoto alipewa kitambaa chake, akasimama, akaenda darasa zima kumtafuta mwenzake: “begin” akimtafuta “start”, “glad” akimtafuta “happy”. Waliopatana walishikana mikono, kila mmoja akatunga sentensi yake, kisha wakabadilishana vitambaa na kuona kama sentensi bado inakaa sawasawa. Mara nyingi ilikaa. Siku moja mtoto mmoja akasema kwamba tembo ni “large”, ikakaa. Wa pili akasema kwamba ana kaka “large”. Marehemu alihisi pana kitu kimekwaruza lakini hakujua ni nini, akaenda tena kwa padri. Padri alicheka mpaka akavua miwani. Kaka mkubwa ni “big”, alisema. Kwa nini? Hakuwa na sababu.

Basi marehemu akaanza kutia fundo la uzi mwekundu nyuma ya kila kitambaa chenye neno lisiloweza kubadilishana na mwenzake kila mahali. Baada ya mwaka mmoja karibu vitambaa vyote vilikuwa na fundo.

Hayakukosa kutokea mambo. Neno “close” aliliweka kuwa mwenza wa “shut”, kwa maana ya kufunga, wala hakukumbuka kwamba linaandikwa vile vile likiwa na maana ya karibu. Mtoto mwenye “shut” akalidai “close” ni lake, na mtoto mwenye “near”, yaani karibu, naye akalidai ni lake. Walivutana mpaka kitambaa kikapasuka katikati. Waliletwa mbele wakilia, kila mmoja na nusu yake, na marehemu alikitazama kitambaa kile akaona kwamba wote wawili wana haki. Alidarizi vingine viwili usiku uo huo, akampa kila mmoja chake, na watoto wakaenda zao wametulia. Yeye hakutulia. Alijiuliza ni maneno mangapi mengine yana wake wawili bila ya yeye kujua.

Watoto walijifunza. Hilo lazima lisemwe hapa kwa uwazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakulisema. Watoto ambao nyumbani kwao halikuwahi kusikika neno moja la Kiingereza waliacha kusema kila kitu kizuri ni “good” na kila kitu kibaya ni “bad”. Waliweza kuchagua. Maalim Hasan alikuwa akisimama mlangoni kusikiliza, na ndiye aliyeamua kwamba siku ya maonyesho ya skuli, Februari 1967, wageni waonyeshwe mchezo wa vitambaa.

Wageni walikuja, wakaketi viti vya mbele. Mashavu, aliyekuwa amekwisha kupanda darasa lakini akaombwa asaidie, alipewa kitambaa cha “ruler”. Alizunguka, akampata mwenye “king”, wakashikana mikono. Mgeni mmoja, ambaye jina lake familia haikulijua, aliinama mbele.

“Maneno gani hayo, mwanangu?”

“Hili langu ni mtawala,” alisema Mashavu. “Hili la mwenzangu ni mfalme.”

“Na rais je?”

Mashavu alifikiri. “Na yeye anatawala.”

“Kwa hivyo rais na mfalme ni maneno sawa?”

Mtoto alimtazama mwalimu wake, kisha akatoa jibu alilofundishwa kwa kila jozi yenye fundo. “Ni sawa, lakini si sawa.”

Mgeni alitabasamu, akaegemea kiti chake, na alipoletewa chai na kaimati akala. Walimu walikaa jioni nzima wakijaribu kulipima tabasamu lile. Wengine walisema amependezwa. Wengine walisema nendeni mkalale. Marehemu aliwauliza wote, mmoja mmoja, na kila aliyemuuliza alimpa jawabu lake.

Mwezi wa Machi aliitwa katika ofisi moja mjini. Alivaa gauni lake la kanisani na akaingia peke yake, maana Ndugu Kipriano aliambiwa asubiri nje. Bwana aliyemhoji alikuwa na adabu.

“Wewe ndiye unayefundisha kwamba rais na mfalme ni kitu kimoja?”

“Nafundisha maneno, bwana. Watu sijawafundisha.”

“Maneno si ya watu?”

Marehemu aliona kwamba hilo ni suala zuri. “Ni ya watu,” alisema.

“Basi?”

Akajaribu kumweleza habari ya fundo jekundu: kwamba maneno mawili huweza kukaa pamoja kama majirani, na kila mmoja akabaki na mlango wake. Yule bwana alimwambia aeleze tena. Akaeleza tena. Bwana akamwita mwenzake kutoka chumba cha pili, akamuuliza, “Mtawala na kiongozi ni sawa?” Mwenzake akasema ni sawa. Kisha akasema hapana, si sawa. Wakaanza kubishana wao kwa wao, mmoja akitoa mifano na mwenzake akiikataa, na marehemu akaketi pale na mkoba wake magotini, akisikiliza. Alisema baadaye kwamba lilikuwa somo zuri kuliko lolote alilowahi kulitoa, na kwamba wakati wote ule alikuwa na hofu.

Mwishowe yule bwana akamwambia, “Nenda nyumbani. Utaitwa.”

“Kwa kheri au kwa shari, bwana?”

“Utaitwa.”

Hakuitwa. Baada ya Pasaka Maalim Hasan alimwita badala yake, akamwambia anahitajika Makunduchi.

“Maalim, nimeadhibiwa au nimepandishwa?”

Maalim Hasan alitazama mlangoni kabla ya kujibu. “Neno nililopewa mimi ni uhamisho.”

“Uhamisho una maneno mengi ndani yake.”

“Najua, Bi Dorkasi. Mimi nimepewa hilo moja.”

Alikwenda Makunduchi mwezi wa Aprili 1967, akamwacha mume na watoto mjini. Alipangiwa kukaa kwa Bi Mwanapili Simai, mjane mwenye nyumba ya mawe na kuku wengi. Marehemu alimwamkia “Shikamoo”, akaitikiwa “Marahaba”, na kabla mzigo haujatuliwa Bi Mwanapili akamuuliza alilotaka kulijua kila mtu.

“Umekosa nini mpaka ukaletwa kwetu?”

“Sijui, bibi.”

“Basi kaa. Utakuwa unakula huku unafikiri.”

Alikaa karibu miaka mitatu. Alikuwa Mkristo pekee katika mtaa ule, na mwezi wa Ramadhani ulipoingia alijificha chumbani kunywa maji. Bi Mwanapili alimgundua. Alimletea chakula cha mchana mwenyewe, akakiweka mbele yake, akamwambia kwamba kula kwa kujificha kutamtia ugonjwa wa tumbo na lawama itakuwa ya mwenye nyumba. Tangu siku ile, mwezi mzima kila mwaka, mwanamke aliyefunga alimpikia mwanamke asiyefunga, na jioni wakafuturu pamoja. Bi Mwanapili amefika leo tangu alfajiri. Yuko pale, safu ya pili.

Watoto wa Makunduchi walikuwa na maneno yao ya nyumbani, ya Kimakunduchi, ambayo walimu waliotangulia waliwakataza kuyatumia skuli. Marehemu aliwaambia wayalete. Neno la nyumbani aliliandika kushoto, la skuli katikati, na la Kiingereza kulia. Alipofika kwenye “begin” na “start” akajitayarisha kwa lile suala la Mashavu, ambalo kila darasa la mjini lilikuwa likimuuliza. Huku hakuna aliyeuliza. Aliposema ni sawa lakini si sawa, watoto waliitikia kwa vichwa kama watu walioambiwa kwamba maji yanalowesha.

“Mmefahamu?” aliwauliza, kwa mashaka.

Msichana mmoja aitwaye Biasha akasimama. “Nyumbani kwa bibi nasema neno hili. Hapa nasema lile. Nikimwambia bibi neno la hapa, atasema nnajishaua. Nikikwambia wewe neno la bibi, utasema sijasoma. Kitu ni kile kile, Bi.”

Jumamosi ile marehemu alikuja mjini uso umemchangamka, akamwambia mdogo wake kwamba hatimaye amekipata: tofauti haiko kwenye kitu, iko kwa yule unayesema naye. Alifurahi wiki nzima. Kisha akakumbuka “big” na “large”, ambayo hayana bibi wala mwalimu, akarudi palepale alipokuwa.

Kwa Ndugu Kipriano miaka ile ilikuwa migumu kwa namna yake. Kikwajuni wapo waliosema mkewe amefungwa. Wapo waliosema amemkimbia, na wapo waliosema amefanywa mkaguzi wa skuli na karibu atapewa gari. Wakimsimamisha njiani kumuuliza, yeye alimjibu kila mmoja “ndiyo”. Alipoulizwa na watoto wake kwa nini anafanya hivyo, alisema kwamba hajui lipi ni kweli, na hapendi kumkatalia mtu ambaye huenda anajua zaidi yake.

Januari 1970 marehemu aliambiwa arudi mjini. Hakuambiwa kwa nini, kama vile hakuambiwa kwa nini alipelekwa. Alirudi darasa lile lile la tatu. Jioni moja alikuwa Forodhani na binti yake Petronila, mara akasimamishwa na mtu: alikuwa yule mgeni wa siku ya maonyesho. Aliushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili.

“Mwalimu,” alisema, “kazi yako tunaikumbuka.”

Akaenda zake. Petronila alimuuliza mama yake kama yule bwana ni rafiki. Marehemu alisimama na kikaratasi cha pweza mkononi mpaka pweza akapoa. Alisema, “Nikilijua hilo nitakwambia.”

Maelezo hayakukosekana. Alikuja mtu nyumbani akasema kwamba mzazi fulani ndiye aliyepeleka maneno ofisini. Haikupita siku nyingi akaja mwingine akasema kwamba mzazi huyo huyo ndiye aliyemtetea, na bila yeye yangekuwa makubwa. Wa tatu akasema hakuna aliyesema lolote kwa mtu yeyote: Makunduchi walikuwa hawana mwalimu wa Kiingereza, basi. Marehemu aliwapa wote chai. Siku za mwanzo alikuwa akiyaweka maelezo haya bega kwa bega na kuyalinganisha, na ikamnyima usingizi. Kufika mwaka wa pili aliacha. Yule mzazi alipopita mlangoni kwake alimkaribisha kama alivyomkaribisha kila mtu, na chai yake ilikuwa na sukari ile ile. Familia nayo haijui mpaka leo ukweli ulikuwa upi, wala haimuulizi mtu.

Ugonjwa ulianza Machi 1971. Miguu ilivimba, akawa anahema akipanda ngazi za skuli, na mwezi wa Juni akawa anafundisha ameketi, watoto wakimjia yeye na vitambaa vyao badala ya yeye kuwafuata. Waganga walisema ni moyo. Alilazwa hospitali Agosti, akatoka, akalazwa tena tarehe 25 Oktoba. Hakulalamika. Alichomwomba mumewe ni uji wa mchele usiotiwa iliki, kwa sababu wa hospitali ulitiwa iliki nyingi.

Siku ya Jumatano, tarehe 10 Novemba, Ndugu Kipriano alifika wodini saa kumi alasiri na kikopo cha uji. Kitanda kilikuwa kitupu, kimetandikwa shuka safi. Daktari aliyekuwapo alikuwa mgeni, Kiswahili hakijui, na Kiingereza nacho hakikuwa lugha ya kwao. Alimtazama Ndugu Kipriano, akatafuta neno, akalipata moja.

“Gone,” alisema.

Neno hilo Ndugu Kipriano alilijua. Alikuwa amefanya kazi na wageni ujanani mwake, na “gone” ni kuondoka. Akauliza, “Wapi?” Daktari hakufahamu suala. Alimwekea mkono begani, akaubana kidogo, na Ndugu Kipriano akaona kwamba anapongezwa. Akashukuru, akatoka.

Alitembea mpaka Kikwajuni akiwa na furaha na hasira kidogo, maana mkewe angeweza kumsubiri. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake mwenyewe. Akakumbuka kwamba Dorkasi asingeweza kuingia, kwa hivyo lazima amekwenda kwa mdogo wake. Akashika njia ya Mkunazini.

“Shemeji, Dorkasi kafika?”

Agnesta alikuwa anachuja chai. “Dorkasi? Si yuko hospitali?”

“Wamemruhusu. Kaondoka hata hakunisubiri.”

Agnesta akatandika mkeka, akaongeza maji kwenye birika. Wakaanza kukisia alipo. Labda kapitia kanisani kushukuru. Labda kakutana na mwanafunzi wake njiani, na hapo ni mpaka magharibi. Ndugu Kipriano alilalamika kwamba mtu na miguu imevimba vile bado anataka kutembea, na Agnesta akacheka, na yeye akacheka. Walikuwa wanasikiliza kila hatua za watu uchochoroni. Baadaye Agnesta akauliza, bila ya sababu yoyote, ila apate kuisikia tena habari njema.

“Daktari alisemaje hasa, shemeji?”

“Alisema ‘gone’.”

Agnesta aliiweka birika chini. Neno lile alilijua kwa pande zake zote mbili.

“Shemeji,” alisema, “neno hilo wenyewe wanalitumia pia kwa…” Akashindwa kumaliza.

“‘Gone’ ni kuondoka,” alisema Ndugu Kipriano.

“Ndiyo, shemeji. Ni kuondoka.”

Ndugu Kipriano aliinuka. Kisha akakichukua kikopo cha uji, akakaza kifuniko chake, na wote wawili wakarudi hospitali kwa miguu.

Marehemu alifariki dunia siku ile saa tisa na robo alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Kwa hivyo jioni ile, kwa mumewe na mdogo wake, Mwalimu Dorkasi alikuwa amekwisha kupona, yuko mahali fulani mjini, anatembea kwa miguu yake. Ndugu Kipriano ndiye aliyeomba jambo hili lisomwe mbele yenu. Anasema amejaribu tangu juzi kuamua kama yule daktari amlaumu au amshukuru, na hajaweza.

Ameacha mume, Ndugu Kipriano Feruzi. Watoto wawili, Petronila na Andrea. Mdogo wake, Agnesta Songoro. Mama yake wa Makunduchi, Bi Mwanapili Simai. Na watoto wa darasa la tatu, ambao tangu alipolazwa hawana mwalimu wa Kiingereza.

Mwenyezi Mungu ampokee. Apumzike, na amani iwe pamoja naye.